Msongo wa mawazo katika ujauzito: kinachoufikia ubongo wa mtoto, na kinachoweza kuzuiwa

Katika kilima cha Nsambya, kusini mwa katikati ya jiji la Kampala, kazi ya kuwapokea watoto duniani ina umri wa takriban karne moja. Mwaka 1903 watawa sita wa Kifransisko walifika hapo, miongoni mwao Teresa Kearney, mzaliwa wa Ireland ambaye baadaye alijulikana kama Mama Kevina. Zahanati waliyoifungua ndiyo chimbuko la Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo wakazi wengi huitaja kwa jina la kilima chenyewe. Miaka ya 1920 ilipoanza, kwa kushirikiana na daktari Evelyn Connolly, kikaanzishwa pia chuo cha wauguzi na wakunga.

Katika zama zile hofu kuu ya mkunga ilikuwa kifo: kifo cha mama, kifo cha kichanga, au vyote viwili kwa usiku mmoja. Hofu hiyo imepungua lakini haijatoweka. Pamoja nayo limezuka swali ambalo sayansi imelifanyia kazi kwa bidii katika miongo mitatu iliyopita. Mama anapobeba mimba huku amebeba pia hofu, madeni, njaa au kumbukumbu za vita, ni kipi kati ya hivyo kinachomfikia mtoto aliye tumboni? Na kikimfikia, je, kinauacha ubongo wake na alama ya kudumu?

Kwa Nsambya hili si swali la maabara tu. Eneo hili, lililo katika tarafa ya Makindye, limekuwa na wasemaji wa Kiswahili kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi za Kampala. Ipo kambi kubwa ya polisi, na Kiswahili ni lugha ya vyombo vya ulinzi nchini Uganda tangu enzi za ukoloni. Yalikuwapo makazi ya wafanyakazi wa reli, ambao wengi walitoka upande wa Kenya. Na tangu vita vya mashariki mwa Kongo vilipoanza kuwasukuma watu kuvuka mpaka, Nsambya, Katwe na mitaa mingine ya Makindye imekuwa kituo cha familia zilizotoka Goma, Rutshuru, Bukavu na Uvira. Zipo familia zilizokaa humo miaka kadhaa kabla ya kuhamishiwa Australia, Marekani, Kanada au Ulaya. Zipo nyingine ambazo bado zinasubiri.

Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote barani Afrika, na sheria yake ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kuishi wanakotaka. Haki hiyo ina gharama yake. Anayechagua jiji badala ya makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Kyaka II kwa kawaida hapewi mgawo wa chakula. Huhesabiwa kuwa anaweza kujitegemea. Hata makazini hali imebana. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kuwa limesitisha msaada kwa wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwa sababu ya upungufu wa fedha. Miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa Januari, waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wa Goma, na wimbi jipya la watu likaanza kuelekea mpakani. Miongoni mwa watu hao, kama ilivyo katika kila wimbi la wakimbizi, walikuwamo wajawazito.

Njia ya kutoka kwa mama hadi kwa mtoto

Hakuna mshipa wa neva unaounganisha ubongo wa mama na ubongo wa mtoto. Mtoto hasikii mawazo ya mama yake, wala haoni ndoto zake. Kinachopita kati yao hupitia damu na kondo la nyuma, na humo ndimo watafiti walimoitafuta njia.

Mwili wa binadamu unapohisi hatari, ubongo hutuma ishara kwa tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo ili zitoe homoni iitwayo kotisoli. Homoni hii huongeza sukari katika damu, huuweka mwili macho na kuutayarisha kukabiliana na hatari. Hatari ikipita, ubongo wenyewe huamuru uzalishaji upunguzwe. Mfumo huu ni kinga, na bila huo binadamu asingeishi. Taabu huanza pale ambapo hatari haipiti: kodi ya nyumba inayodaiwa kila mwezi, mume mwenye mkono mwepesi, kesi ya hifadhi isiyojibiwa, habari za nyumbani zinazoingia kwenye simu usiku wa manane.

Inafaa kusema wazi kwamba kotisoli si sumu. Katika ujauzito wa kawaida kiwango chake kwenye damu ya mama hupanda mara mbili au tatu, na kuelekea mwisho wa mimba homoni hiyo ndiyo inayokomaza mapafu ya mtoto. Ndiyo maana madaktari humchoma sindano ya dawa ya jamii hiyo mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, na sindano hizo zimeokoa vichanga wengi. Jambo linalozingatiwa ni kiasi, muda na wakati.

Kondo la nyuma lina mlinzi wake. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachoibadili sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kuwa kotisoni, ambayo haina makali, kabla haijamfikia mtoto. Utafiti uliofanywa London na kundi la Profesa Vivette Glover wa Chuo cha Imperial ulionyesha kuwa kwa akina mama waliokuwa na wasiwasi mkubwa, utendaji wa mlinzi huyo kwenye kondo ulikuwa umepungua. Kwa lugha nyepesi, mlango unalegea wakati ule ule ambao msukumo wa nje umeongezeka.

Hii si njia pekee. Msongo wa muda mrefu huchochea uvimbe wa ndani kwa ndani mwilini na huweza kuharakisha uchungu wa kuzaa, na mtoto anayezaliwa kabla ya wakati hukabiliwa na hatari nyingine nyingi za ubongo. Kisha kuna mambo ya kawaida kabisa, ambayo hayahitaji darubini. Mwanamke mwenye msongo halali vizuri, hali vizuri, na mara nyingi huchelewa kwenda kliniki au haendi kabisa.

Kuhusu ubongo wenyewe, ujenzi wake huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga takriban wiki nne baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kufikia katikati ya ujauzito, sehemu kubwa ya seli za gamba la ubongo zimekwisha kuzaliwa na zinasafiri kwenda mahali pake. Baada ya hapo kazi kubwa ni ya kuziunganisha. Sehemu mbili zinazotajwa sana katika tafiti za msongo ni hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu na pia na kuuzima mwitikio wa hatari, na amigdala, ambayo ni kama king'ora cha hofu. Zote mbili zina vipokezi vingi vya kotisoli.

Mwaka 2020 watafiti wa hospitali ya watoto ya Children's National mjini Washington, wakiongozwa na Catherine Limperopoulos, walichapisha matokeo ya picha za ubongo za watoto ambao bado walikuwa tumboni. Kwa akina mama waliokuwa na msongo au wasiwasi mwingi, hipokampasi ya mtoto ilionekana kuwa ndogo zaidi na mikunjo ya gamba la ubongo ilikuwa na tofauti. La kushangaza ni kwamba wengi wa wanawake hao walikuwa wasomi, wenye ajira, wenye mimba zisizo na tatizo lolote la kitabibu. Hawakuwa wamekimbia vita.

Ushahidi wa Goma

Kuhusu waliokimbia vita, au walioishi ndani yake, ushahidi mmoja muhimu umetoka katika eneo la Waswahili wenyewe. Mtaalamu wa jenetiki Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walifanya utafiti katika hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, hospitali ambayo jina lake halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Kivu. Akina mama 25 waliojifungua hapo waliulizwa kwa kina kuhusu maisha yao: vita, kubakwa, kupoteza ndugu, kukimbia, na pia taabu za kila siku. Damu ya mama, damu ya kitovu na kipande cha kondo vilichukuliwa, na mtoto akapimwa uzito.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihusu jeni moja inayoongoza utengenezaji wa kipokezi cha kotisoli. Jeni hufanana na kitabu cha maelekezo, na juu ya kurasa zake mwili huweka alama za kemikali zinazoamua ukurasa upi usomwe kwa sauti na upi ufunikwe. Kwa watoto ambao mama zao walikuwa wamepitia msongo mkubwa, alama hizo juu ya jeni hiyo zilikuwa nyingi zaidi, na uzito wao wa kuzaliwa ulikuwa mdogo zaidi. Kwa mama wenyewe uhusiano huo haukuonekana katika jeni hiyo. Watafiti walilichukulia hilo kama dalili kwamba kipindi cha tumboni kina wepesi wake wa kuandikwa, ambao mtu mzima hana tena. Uchunguzi mwingine wa kundi hilo, uliotolewa mwaka 2016, ulipanua orodha hadi jeni nne za mfumo huo huo wa msongo na kukuta uhusiano wa aina hiyo.

Jambo linalokaribiana na hilo lilionekana nchini Rwanda. Wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 walilinganishwa na wanawake 25 waliokuwa na mimba wakati huo lakini wakiishi nje ya nchi. Baada ya takriban miongo miwili, alama juu ya jeni ile ile ya kipokezi cha kotisoli zilikuwa nyingi zaidi kwa akina mama walioyapitia mauaji na kwa watoto wao.

Hapa tahadhari inahitajika, na vyombo vya habari mara nyingi vimeiruka. Watu 25 ni wachache mno. Uhusiano wa vitu viwili hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Mjini Goma, mama aliyepitia vita vingi huenda ndiye pia aliyekula kidogo, aliyeugua malaria mara nyingi na aliyepungukiwa damu, na kila moja ya hayo humpunguzia mtoto uzito. Tena alama zilizosomwa zilitoka kwenye damu na kondo. Hakuna aliyeutazama ubongo. Kusema kwamba vita vya Kongo vimeandikwa katika ubongo wa watoto wa Kongo ni kuyatamkia matokeo zaidi ya yalivyosema yenyewe.

Wanasayansi wamejaribu kulitatua tatizo hilo kwa kutumia majanga yanayompata tajiri na maskini bila kuchagua. Mwezi Januari 1998 dhoruba ya barafu iliuangusha mtandao wa umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, na zaidi ya watu milioni tatu wakakaa gizani katika baridi kali, baadhi yao kwa wiki kadhaa. Suzanne King na wenzake wa Montreal waliwafuatilia watoto waliokuwa tumboni siku hizo. Walipofika umri wa miaka miwili, na tena walipokaribia miaka sita, watoto ambao mama zao walipata taabu kubwa zaidi walikuwa na alama za chini zaidi katika lugha na katika vipimo vya akili. Kwa kuwa dhoruba haikumchagua mtu kwa kipato chake wala kwa tabia yake, ushahidi huo una nguvu ya pekee.

Hatari si hukumu

Utafiti mkubwa wa Bristol, Uingereza, ulioandikisha zaidi ya wajawazito 14,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, unasaidia kuyaweka mambo katika vipimo vyake. Mama waliokuwa na wasiwasi mkubwa kabisa kuelekea mwisho wa ujauzito walikuwa na uwezekano karibu maradufu wa kupata mtoto mwenye matatizo ya tabia au ya hisia akiwa na umri wa miaka minne. Neno maradufu linatisha. Likigeuzwa kuwa hesabu ya watoto, linasema hivi: badala ya watoto takriban watano katika kila 100, walikuwa takriban kumi. Waliobaki, takriban 90, hawakuwa na tatizo hilo.

Hesabu hiyo inapaswa kumfikia mama kabla ya sentensi yoyote ya kutisha. Taarifa za aina hii zina hatari yao wenyewe: mwanamke asiyelala kwa sababu hana kodi ya nyumba anaweza kuisoma habari kwamba kutolala kwake kunamdhuru mtoto, na usiku unaofuata akakosa usingizi kwa sababu mbili badala ya moja. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki wazee husisitiza kwamba mjamzito asiudhiwe, na katika hilo wako karibu na sayansi kuliko wanavyojua. Lakini agizo hilo linawahusu watu wanaomzunguka. Mara nyingi hugeuzwa likawa lawama kwake: usilie, usifikiri sana, utamharibu mtoto. Huwezi kumwamuru mtu asifikiri sana wakati mwenye nyumba yuko mlangoni.

Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa sadfa, vyumba vya kupanga vya Kampala, chumba kimoja kwa familia nzima, kwa Kiganda huitwa mizigo.

Lipo pia jambo la kutia moyo ambalo halitangazwi vya kutosha. Ubongo wa mtoto anapozaliwa una takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na ujenzi wake huendelea kwa kasi kubwa katika mwaka wa kwanza. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza, Glover akiwa mmoja wao, walipima kotisoli katika maji ya uzazi ya wanawake zaidi ya 100, kisha wakawapima watoto wao walipokuwa na miezi 17 hivi. Kotisoli nyingi tumboni iliambatana na alama za chini za ukuaji wa akili, lakini hasa kwa watoto ambao uhusiano wao na mama haukuwa na utulivu. Kwa watoto waliokuwa wameshikamana na mama zao kwa usalama, uhusiano huo ulitoweka. Kubebwa, kuitikiwa anapolia, kusemeshwa na kunyonyeshwa kwa utulivu ni mambo ambayo mama wa Kivu amelelewa nayo, na hakuna kitabu kilichomfundisha.

Hata hivyo mama mwenye sonona hushindwa kuyafanya hayo, si kwa ubaya bali kwa sababu maradhi yenyewe humnyang'anya nguvu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 16 ya wajawazito wana tatizo la afya ya akili, sonona likiwa la kwanza, na baada ya kujifungua karibu asilimia 20. Hao ni takriban mmoja katika kila sita, kisha mmoja katika kila watano. Katika kliniki yenye wajawazito 60 asubuhi moja, hesabu hiyo ni ya wanawake wapatao kumi.

Mkunga yule yule

Uganda ina madaktari bingwa wachache mno wa magonjwa ya akili, na wengi wao wako Kampala. Kungoja waongezeke si mpango. Kwa bahati, kinachoonekana kusaidia wajawazito wengi hakihitaji bingwa.

Mfano mmoja umetoka vijijini mwa wilaya ya Rawalpindi, Pakistan. Wahudumu wa afya wa jamii, wanawake waliosoma hadi sekondari, walifundishwa mazungumzo mepesi ya kumsaidia mjamzito mwenye sonona kuzipanga upya fikra zake na kurejea katika shughuli zake. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008, baada ya kuwafuatilia akina mama wapatao 900, yalionyesha kuwa miezi sita baada ya kujifungua asilimia 23 tu ya waliopata huduma hiyo bado walikuwa na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wenzao waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Watoto wao walipata chanjo zaidi na kuharisha kidogo. Tofauti ya uzito na kimo haikuonekana, na watafiti walisema hivyo bila kuficha.

Mfano wa pili unawagusa zaidi Waswahili wa Australia. Mafuriko yalipoikumba Queensland mwezi Januari 2011, tayari Brisbane kulikuwa na jaribio la kitabibu likiendelea. Baadhi ya wajawazito walikuwa wamepangiwa mkunga mmoja wa kuwafuata tangu mwanzo hadi baada ya kujifungua. Wengine walipata huduma ya kawaida, ambapo kila ziara huweza kuwa na sura mpya. Mafuriko yakageuza jaribio hilo kuwa kipimo cha jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Katika huduma ya kawaida, kadiri taabu ya mafuriko ilivyokuwa kubwa ndivyo dalili za sonona zilivyoongezeka wiki sita baada ya kujifungua. Kwa waliokuwa na mkunga mmoja, kamba hiyo ilikatika. Na miezi sita baada ya kuzaliwa, watoto wao walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya vipimo vya ukuaji.

Mkunga mmoja hawezi kuyazuia mafuriko, wala hawezi kulipa kodi ya nyumba. Lakini mwanamke hahitaji kuyaeleza ya kubakwa kwake, au ya mtoto aliyempoteza njiani, upya kila mwezi kwa mtu asiyemjua. Wengi wakilazimika kufanya hivyo huamua kutoeleza kabisa, na kadi ya kliniki hubaki na shinikizo la damu na uzito tu.

Kwa mwanamke wa Kongo aliye Nsambya, kikwazo cha kwanza kiko mapema zaidi. Hospitali ya kilimani ni ya kanisa na haiendeshwi kwa faida, lakini huduma zake hulipiwa. Asiye na fedha huelekea vituo vya Mamlaka ya Jiji la Kampala, kama kile cha Kisugu, au hospitali za rufaa za serikali, ambako huduma ni bure na foleni ni ndefu. Huko husemwa Kiganda, na kadi huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilitambuliwa na katiba ya Uganda mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watakaonufaika na uamuzi huo ni wakunga wa miaka ijayo. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba hutafsiriwa na jirani, na mara nyingine na mtoto wake mwenyewe wa miaka kumi. Hakuna mama atakayetamka mbele ya mwanawe kwamba amepigwa, au kwamba amefikiria kufa.

Hata anapokuwapo mtafsiri mzuri, maneno hayalingani. Kiswahili sanifu kina msongo wa mawazo na sonona, maneno yanayosikika redioni kuliko sokoni. Mama wa Goma husema ana mawazo mingi. Mganda husema ana ebirowoozo, naye pia anamaanisha mawazo, yale yanayozidi. Watafiti waliofanya kazi Bungoma, magharibi mwa Kenya, walilitambua hilo, na katika kutengeneza dodoso la kupima sonona ya wajawazito na waliojifungua walichanganya vigezo vya kitabibu na semi za wanawake wenyewe. Anayeulizwa kama ana sonona atajibu hapana. Akiulizwa kama mawazo yanamzidi usiku, hukaa kimya kidogo, kisha huanza kueleza.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane badala ya nne. Kwa mkunga mwenye foleni ya wanawake 60, swali hilo moja huchukua dakika chache, na jibu lake huweza kuchukua nusu saa ambayo hana. Mashirika yanayohudumia wakimbizi Kampala yamewahi kuwatumia Wakongo wenyewe kama wakalimani na wahudumu wa kujitolea, lakini kazi za aina hiyo hufuata fedha za wafadhili, na ufadhili unapokatwa wao huwa miongoni mwa wa kwanza kuondoka.